Mapigo Mawili kwenye Bodi

1.

…kwa sababu shingo ikigeuka, na usukani unageuka. Ndiyo maana nasema, dereva akikupigia honi kwa nyuma, usimtazame! Mnanisikia? Mama Chausiku, acha kumcheka mwenzio. Yeye leo kaanguka mara mbili tu, wewe wiki iliyopita ulianguka mara ngapi?

Huyo anayesema ni Bi Sikudhani Omari. Ana miaka hamsini na mitatu, anasambaza mikate ya boflo kwa baiskeli katika maduka ya njia ya Pongwe, na kila Jumamosi saa tatu asubuhi huwakusanya wanawake wa mtaa kwenye uwanja wa shule ya msingi kuwafundisha kuendesha. Kuendesha kwenyewe wanakujua kwa siku tatu. Kinachochukua miezi ni kuendesha bila kugombana na madereva.


2.

Karatasi iliyogongewa misumari kwenye mlango wa stoo ya shule:

KANUNI ZA BARABARANI
(zimesemwa na Bi Sikudhani, zimeandikwa na Mwanvua, katibu)

Akikupigia honi: usigeuke.

Akikubana: shuka kwenye vumbi. Vumbi linafulika.

Akikutukana: mwachie tusi lake, alibebe mwenyewe mpaka Muheza.

Shika namba ya gari. Usishike shati la dereva.

Usimfukuze. Haya, na ukimpata?

Mkono wako usiguse gari la mtu. Kamwe.

Mwanvua aliuliza kama hakuna ya saba, maana sita haipendezi kwenye karatasi. Bi Sikudhani akamjibu, "Ya saba ni kumwomba Mungu uzikumbuke hizo sita siku damu ikichemka."

Hiyo haikuandikwa.


3.

Wewe unayesoma, gonga meza kwa kiganja. Mara moja.

Kwa watu wa malori hiyo ni *simama*.

Sasa gonga mara mbili.

Hiyo ni *twende*.

Malori ya kokoto yakipanda kilima cha Mikwajuni hulikuta geti la reli, na mara nyingi geti limefungwa. Lori husimama hapohapo mlimani, limejaa, handibreki yake ya kubahatisha. Utingo huruka chini na gogo lake, akaliweka nyuma ya tairi la nyuma, akachuchumaa kulishikilia. Geti likifunguka, hulichomoa gogo, anasimama, anapiga bodi mara mbili. Pa pa. Maana yake: gogo limetoka, na mimi nimetoka, twende. Dereva haangalii kioo. Anasikiliza.

Sheria hii haijaandikwa popote. Utingo huifahamu kabla hajalifahamu jina la dereva wake.


4.

Jumanne. Saa mbili asubuhi.

Bi Sikudhani alitoka kwenye tanuri, tenga limejaa boflo za moto, limefungwa kwenye keria kwa mpira, kitambaa cheupe juu. Dua ya safari alikuwa ameshaisoma. Alikuwa upande wake, ukingoni kabisa mwa lami, hana haraka na mtu.

Lori likaja kwa nyuma na honi.

Hakugeuka.

Honi tena, ndefu, ile ya kumtoa mtu roho.

Hakugeuka. Alijibana kushoto mpaka tairi likawa linakwenda pale lami inapokwisha na mtaro unapoanza. Lori likampita hivi

                    hivi

kiasi cha kiganja. Upepo wake ulimvuta kwanza, halafu ukamsukuma. Baiskeli ikaingia mtaroni, yeye juu yake, tenga juu yake yeye, na boflo zote zikamwagika kwenye maji machafu. Dereva akapunguza mwendo. Si kwa kusaidia. Akatoa kichwa dirishani.

"Bibiye! Somo lako kafundishie jikoni!"

Alimjua. Nani njia ile asiyemjua Athumani Mhina na lori lake la bodi la kijani? Mwezi wa tatu alimwangusha Mama Chausiku, na goti lake mpaka leo halikunjiki sawasawa. Walikwenda kushtaki, wakaulizwa shahidi ni nani.

Bi Sikudhani akanyanyuka. Baibui limechanika, goti linavuja damu. Akaiinua baiskeli, akaizungusha pedali, inazunguka. Namba ya gari ilikuwa kichwani. Angeweza kuishia hapo. Kila alilowafundisha wenzake lilimwambia aishie hapo.

Akapanda baiskeli, akamfukuza.

Geti lilikuwa limefungwa, treni ya mizigo inapita. Lori limesimama mlimani, linanguruma. Alilifikia kwa upande wa kushoto, bodi refu kumzidi, upande wa pili haoni kitu. Behewa la mwisho likapita. Geti likaanza kupanda. Akaona huyu mtu anaondoka tena, anaondoka tena bila kuambiwa neno, na alichotaka ni kimoja tu: atoe kichwa kama alivyokitoa kule mtaroni, amtazame, naye amwambie usoni, Mimi ni mtu.

Akapiga bodi kwa kiganja.

Pa.

                    Pa.

Lori likarudi nyuma shubiri moja, kama yanavyorudi yote kabla ya kushika mlima.

Kisha, ule upande asiouona, mtu akapiga ukelele.


5.

MAELEZO YA MTUHUMIWA

Jina: Athumani Mhina. Umri: miaka 41. Kazi: dereva.

"Nakumbuka siku tajwa hapo juu, majira ya saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nilisimamisha gari tajwa kwenye geti la reli. Utingo wangu Semboja aliteremka kuweka gogo kama kawaida. Geti lilipofunguliwa nilisubiri. Nikasikia mapigo mawili kwenye bodi, ndipo nikaachia breki. Siwezi kuondoka bila mapigo. Nimefanya kazi na Semboja miaka kumi na moja, sijawahi kuondoka bila mapigo. Naomba afande aandike hapo: mapigo mawili."

(Imeandikwa.)

Alipoulizwa kuhusu mwanamke wa baiskeli aliyeanguka mtaroni muda mfupi kabla ya ajali, mtuhumiwa alijibu: "Simkumbuki."

MAELEZO YA MAJERUHI (yamechukuliwa wodini)

"Mimi sikupiga. Mkono ulikuwa bado upo kwenye gogo."


6.

Yaliyosikika dukani kwa Mangi, asubuhi ya Jumatano:

— Mapigo mawili! Kapiga nani, jini?

— Uongo wa mchana kweupe. Alikuwa amelewa, huyo.

— Hakulewa. Ndivyo alivyo. Angekuwa amelewa ningemsamehe.

— Mkono wote?

— Vidole vitatu vimekatwa. Mkono wa kulia.

— Semboja wa watu, mpole vile. Hata kondakta akimkanyaga yeye ndiye anayeomba radhi.

— Wamfunge Mhina. Wamfunge, na ufunguo wausahau.

— Bi Sikudhani, nasikia asubuhi ileile na wewe alikutia mtaroni! Umeona? Mungu kakulipia.

— Nataka kujua unachukua boflo ngapi leo.

— Nne. Mbona unanihesabia sita, mama?


7.

Ni mimi.


8.

Bi Sikudhani hakuyasema hayo. Aliyafikiri tu, akiwa anatia udhu kwa ajili ya adhuhuri. Alikiosha kiganja cha kulia mara tatu, kama inavyotakiwa. Akakiosha mara ya nne. Alipofika ya sita akaliweka kopo chini, akakaa kwenye kigoda, maji yanamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, na mwadhini ameshamaliza.

Jirani akapita uani. "Bi Sikudhani, unaumwa?"

"Sijambo."

"Goti?"

"Goti limepoa."


9.

OFISI YA MTAA WA KICHANGAMAWE

TANGAZO

Yeyote aliyeshuhudia ajali iliyotokea siku ya Jumanne kwenye geti la reli, kilima cha Mikwajuni, anatakiwa kufika kituo cha polisi kutoa maelezo kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Baada ya muda huo jalada litafungwa na kupelekwa mbele. Kuficha ushahidi ni kosa.

Na wote mnatangaziwa.

*(Chini yake, kwa kalamu ya risasi:)* afungwe tu

*(Chini yake tena, kwa mwandiko mwingine:)* amina


10.

"Kaa, Mwanvua. Nina neno."

"Neno gani la kunifungia mlango mchana wote huu? Umepata mchumba?"

"Yale mapigo niliyapiga mimi."

Mwanvua alikuwa amelishika embe na kisu. Kisu kikasimama katikati ya embe.

"Mapigo yapi?"

Bi Sikudhani akafunga na dirisha.

"Sikudhani. Mapigo yapi?"

Akamweleza. Kufukuza, bodi, kiganja, ukelele. Akamweleza mpaka pale aliposhika baiskeli akarudi nyumbani kwa njia ya makaburini ili asikutane na watu, na hilo ndilo lililomtia haya kuliko yote. Wengine walikimbilia kwenye ukelele, yeye alikimbia mbali nao.

Mwanvua akaweka embe chini. Akajifuta mikono kwenye kanga taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nani alikuona?"

"Hakuna."

"Basi nyamaza."

"Mwanvua…"

"Nyamaza, shoga yangu, nakuomba. Mwaka mzima tunamlilia yule mtu aondolewe barabarani. Tumeandika barua, tumekwenda ofisini, tumekaa kwenye mabenchi yao mpaka makalio yakafa ganzi. Mama Chausiku anaswali amekaa kwa sababu ya yule mtu. Leo ameondolewa. Wewe unataka uende ukamrudishe kwenye usukani kwa mkono wako?"

"Hili hakulifanya."

"Na yale aliyoyafanya? Atalipia hili kwa yale. Hesabu ni ileile."

"Siyo ileile."

"Na wanawake wako kumi na wanne? Jumamosi afande wa trafiki anakuja uwanjani kuzungumza nao, nimemwalika mwenyewe, kakubali. Mara ya kwanza wanatusikiliza! Utasimama useme nini? Kwamba mwalimu wa kutogombana ndiye aliyekata vidole vya mtu?"

Bi Sikudhani hakuwa na hasira na Mwanvua. Kila neno alilolisema Mwanvua yeye alikuwa ameshajiambia, tena kwa maneno matamu zaidi.


11.

Lori lilikuwa limeegeshwa kwenye ua wa kituo, bodi la kijani limekaa kama ng'ombe aliyefungiwa. Siku ya Alhamisi Bi Sikudhani alipita na baiskeli akaliona kupitia kwenye uzio. Upande wa kushoto, juu ya vumbi jeupe la kokoto, palikuwa na alama mbili za kiganja. Vidole vimetawanyika. Kimo cha bega lake.

Alisimama akazitazama mpaka askari wa getini akamwita, "Mama, unaleta boflo au unaleta macho?"

Mchana huo mvua ikanyesha. Si mvua ya kawaida, ni ile inayokuja na mapipa. Yeye alikuwa barazani kwake, tenga tupu miguuni, akaisikiliza ikipiga mabati. Alijua kabisa inaosha nini wakati ule.

Mola wangu, akasema, hii umeniletea kunistiri?

Mvua ikazidi.

Au umeniletea ili kisibaki cha kunisemea, niseme mwenyewe?


12.

Hapa utataka kumhukumu. Mhukumu, hakuna aliyekuzuia. Ila kwanza panda baiskeli. Chukua ile njia, asubuhi, na mzigo nyuma. Honi ikija usigeuke. Kaa hapo juu ya tandiko, mgongo wazi, bila bati wala kioo, ukisubiri mtu usiyemwona usoni aamue kama atakupita kwa nafasi ya mkono au ya kiganja.

Kisha shuka uje umhukumu.


13.

Ijumaa, saa ya kuona wagonjwa.

Semboja alikuwa mtu wa miaka arobaini na minane, ndevu zimeanza mvi. Mkono ulikuwa umefungwa mpaka kwenye kiwiko, umelazwa juu ya mto wa peke yake.

"Karibu Bi Boflo! Nimesikia na wewe ulianguka."

"Nimepona. Pole, kaka. Pole sana."

"Ah. Nalishwa kama bwana harusi. Mke wangu anasema hajaniona nikitulia hivi tangu tuoane." Akacheka, kicheko kikaishia njiani. "Bi Boflo, wewe ni mtu wa dini. Nikuulize kitu. Mtu anaweza kufanya jambo asijue kama amelifanya?"

"Jambo gani?"

"Mhina anasema kasikia mapigo. Watu wanasema mwongo. Mimi nimekaa naye miaka kumi na moja. Barabarani ni mkorofi, najua, sisemi kitu. Lakini hadanganyi juu ya mapigo. Akisema kasikia, kasikia." Akautazama mkono. "Nimelala hapa nafikiri. Pale hakuna mtu mwingine. Labda nilipiga mimi. Labda mkono wa kushoto ulipiga kwa mazoea, wa kulia haujatoka. Inawezekana, sivyo?"

Bi Sikudhani alishika ukingo wa kitanda.

"Kesho wananiruhusu," Semboja akaendelea. "Nitapita kituoni niseme nilipiga mimi. Ili atoke, ana watoto wadogo."

"Na ukisema hivyo, tajiri mwenye lori atakuambiaje?"

"Atasema nimejikata mwenyewe. Atasema Semboja, uzembe wako, kaa nyumbani." Akainua bega lile zima. "Kukaa nitakaa tu. Utingo gani wa vidole viwili."

Bi Sikudhani akafungua kinywa.

Akasema, "Kula boflo, kaka. Bado ina moto."


14.

Angesema: Kaka Semboja, ule mkono

Angesema: si wewe, ni

Angesema: nilikuwa natoka damu, alinicheka, mtu yeyote pale ange

Njia nzima kutoka hospitali mpaka nyumbani aliyaanza, na kila lilipofika hapo pa *mtu yeyote* pedali zilisimama zenyewe.


15.

Jumamosi. Saa tatu kasoro.

Uwanjani wanawake kumi na watatu wako na baiskeli zao, mmoja anaendelea kuchelewa. Mwanvua amevaa kitenge kipya. Pikipiki ya afande wa trafiki imeshaegeshwa chini ya kivuli cha darasa. Bi Sikudhani akatokea barabarani, baiskeli haina tenga.

"Huyo anakuja!"

Hakukata kona.

"Bi Sikudhani! Huku! Bi Sikudhani!"

Akapita. Mwanvua akatoka mbio mpaka kwenye lami, kiatu kimoja kikabaki nyuma.

"Sikudhani, wewe! Rudi! Tutasemaje?"

Nyuma ya Bi Sikudhani gari likapiga honi. Akateremka kwenye vumbi, akasimama na baiskeli mkononi mpaka likapita, kumbe lilikuwa gari dogo tu na nafasi ilikuwa tele. Akapanda tena.


16.

Benchi la nje ya kituo. Semboja alikuwa ameshafika, ameupakata mkono wake kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie.

"Bi Boflo! Leo tenga liko wapi?"

"Leo sikubeba." Akakaa. Hakungoja salamu nyingine, alijua ikija nyingine hatasema. "Kaka Semboja, mapigo ni yangu. Yote mawili. Nilikuwa upande wa kushoto, kwa kiganja hiki. Mhina alinitia mtaroni, nikamfukuza, nikataka atoe kichwa nimseme. Sheria yenu nilikuwa siijui."

Akakitazama kiganja.

"Hapana. Niliijua. Napita pale miaka tisa, naisikia kila siku. Niliijua, na nikapiga."

Semboja hakugeuka. Ndani ya kituo mtu alikuwa anaomba kalamu kwa sauti, na mwingine anamjibu kalamu aliondoka nayo yeye jana.

"Na mimi hukuniona," akasema mwishowe.

"Sikukuona."

Akacheka kidogo, bila furaha. "Ndivyo anavyosema Mhina. Kila akiangusha mtu namwuliza, hukumwona yule? Ananijibu, sikumwona. Tunakwenda zetu."

Bi Sikudhani alikuwa tayari kwa tusi. Alikuwa tayari hata kwa kofi. Kwa hilo hakuwa tayari.

"Lakini mimi garini nakaa upande wa kushoto," Semboja akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi Bi Sikudhani ainame kumsikia. "Upande wenu. Miaka kumi na moja, Bi Boflo. Mimi nilikuwa nawaona. Mama wa goti, nilimwona. Wewe Jumanne, nilikuona ukiingia mtaroni na mikate yako. Sikupiga bodi asimame. Pigo moja tu lilitosha."

Jua lilikuwa limefika kwenye ncha za viatu vyao.

"Sasa utasema nini humo ndani?" Bi Sikudhani akauliza.

"Sijui. Wewe?"

Mlango ukafunguliwa. Afande akatoa kichwa, jalada mkononi, kalamu sikioni.

"Wa maelezo ya geti la reli. Mmoja mmoja. Nani anaanza?"

Wakasimama wote wawili.